Milimita Nne

“Ukiongeza hilo boksi la tano, nalishonea mikono nalivalisha shati!” Fundi alisimama mlangoni kwake, utepe wa kupimia shingoni na pini tatu mdomoni, na pini zenyewe hazikumzuia hata neno moja. “Wateja wangu wapite wapi? Waruke?”

“Wapite walipopita jana,” alijibu Bosi kutoka upande wa pili wa baraza, mikono kiunoni.

“Jana hapakuwa na ukuta hapa!”

“Ni mpaka saa tisa tu, jirani. Gari linakuja, linabeba, linaondoka. Na usinifungulie habari ya mizigo, maana wewe na mizigo yangu tunajuana. Printa yangu sijaisahau.”

“Ehee! Nilijua tu tutafika huko.” Fundi alizitema pini kiganjani ili mdomo ubaki huru kwa kazi yake. “Miaka kumi na tisa! Mtu anaiba gari, anafungwa, anatoka, anaoa, anapata wajukuu, mimi bado nina kesi ya printa!”

“Ulikuwa umeishika wewe.”

“Nilikuwa nimeshika upande wangu!”

Katikati yao alisimama Rula, mfanyakazi wa Bosi, amekumbatia boksi la tano, hana pa kuliweka wala pa kulirudisha. Aliposikia neno printa aliinamisha uso nyuma ya boksi kama mtu anayesoma maandishi yake, ingawa boksi lilikuwa jeupe pande zote. Mwishowe alilirudisha ndani, akalitua juu ya kiti chake mwenyewe, na ugomvi ukaisha kama ulivyozoea kuisha: kila mmoja akafunga mlango wake kwa kishindo, halafu akaufungua tena kidogo, kwa sababu ya joto, na kwa sababu ya kusikia mwenzake anasema nini akiwa peke yake.

Ofisi ya Bosi ilikuwa ya usanifu, vyumba viwili tu, cha mbele cha kazi na cha nyuma cha Bosi na simu yake. Hapo ndipo zilipochorwa kadi za harusi, vibao vya maduka, lebo za chupa, ratiba za mazishi na majalada ya vitabu vya shule. Ukitaka kujua nani kaoa, nani kaachika, nani kafungua duka na jina la duka amelibadilisha mara ngapi, hukuwa na haja ya kuzunguka mtaani. Ulimuuliza Rula. Yote yalikuwa kwenye kompyuta zile tatu za zamani, mafaili elfu tatu na mia kadhaa, na karibu nusu yake yalipita mikononi mwake.

Jina la Rula alipewa kwa ajili ya rula ya chuma ya sentimita thelathini ambayo hakuachana nayo hata akienda kunywa chai. Lakini waliomjua vizuri walisema wangemwita Kwanini. Saa ikisimama, wengine walibadilisha betri. Rula aliifungua kwanza atazame ndani. Mteja akisema anataka rangi ya bluu, Rula alimuuliza bluu hiyo aliiona wapi na siku hiyo alikuwa na nani.

Sasa ofisi ilikuwa inahama. Haikuhama jengo, ilihama ukoo wa kompyuta. Zile za zamani zilikuwa za ukoo mmoja, hizi mpya za ukoo mwingine kabisa, na koo hizo mbili zilikuwa hazipikiki chungu kimoja. Programu za zile za zamani zilikuwa hazitengenezwi tena. Wateja walituma picha, kompyuta ikakataa kuzifungua. Hata ile printa nzito kama kabati ilikuwa haina tundu la kuunganishwa na mashine mpya, kwa hiyo nayo ilikuwa inaondoka na wenzake. Chuo kimoja cha ufundi kilikubali kuchukua kila kitu, kifute vilivyomo, kiwape wanafunzi wafungue na kujifunza. Gari lao lilikuwa linakuja saa tisa.

Kilichomnyima Rula usingizi ni maneno aliyoyasema Bosi jana yake. “Kadi ya kliniki ndiyo mtihani. Ichukueni kwenye mashine ya zamani, ifungueni kwenye mpya, ichapeni. Ikitoka sawasawa, tutahamisha mafaili yote. Ikitoka ovyo, tunaanza ukurasa mweupe, na ya zamani yaende na gari. Siwezi kumpelekea muuguzi kadi mbovu eti kwa sababu ninakumbuka zamani.”

Bosi hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mtu wa kukata. Rula alikuwa mtu wa kuhifadhi, na katika mafaili hayo ilikuwamo miaka yake yote.

Kazi ya kuhamisha alipewa Mtaalamu, bwana mpole mwenye begi la nyaya, aliyezungumza kwa sauti ya chini kama daktari pembeni ya kitanda. Asubuhi nzima Rula alimkalia begani.

“Mbona kitufe cha kufungia dirisha kimehamia kushoto?”

“Ndivyo zilivyo hizi, dada.”

“Najua ndivyo zilivyo. Nauliza kwa nini. Kuna mtu aliketi akaamua?”

“Lazima yupo,” Mtaalamu alisema, na ikawa wazi kwamba hajawahi kumfikiria mtu huyo maishani mwake.

Mkono wa Rula ulikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kwenda kulia. Kila alipotaka kufunga kitu, kipanya kilikimbilia kulia, kikafika mahali patupu, kikasimama kama mgeni aliyebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Hakukasirika. Alicheka peke yake, akajaribu tena, akabonyeza kila kitu kilichobonyezeka ili aone kinafanya nini, mpaka skrini ikageuka kichwa chini miguu juu na Mtaalamu akamwomba, kwa adabu, aweke mikono mapajani.

Walipoichapa kadi ya kliniki mara ya kwanza kwenye printa mpya, herufi zote zilikuwa za watu wengine, nene na fupi. Hilo Mtaalamu aliijua dawa yake. Alizitoa herufi kwenye mashine ya zamani, akazigeuza, akazipanda kwenye mpya, na kadi ikarudi na sura yake. Rula alipiga makofi.

Kisha akaikunja.

Kadi ya kliniki ni karatasi moja inayokunjwa katikati. Kushoto jina la mtoto na la mama, kulia safu za miezi na kilo. Muuguzi anaikunjua mara mia kwa siku. Na hapo kwenye mkunjo, namba za kilo, ambazo zilipaswa kukaa salama upande wa kulia, zilikuwa zimelaliwa na mstari. Nane ilikuwa na nusu huku na nusu kule. Mtoto wa kilo nane angeweza kusomwa kilo tatu.

“Programu imesogeza,” alisema Mtaalamu. “Inatokea. Mafaili ya zamani yakihamia ukoo mwingine, mengine yanaoza njiani.”

Rula alitoa rula. Akapima kadi ya kliniki: milimita nne kwenda kushoto. Akamwomba Mtaalamu amhamishie faili lingine, lolote. Likaja la kibao cha duka la viatu. Akachapa, akapima. Nne, kushoto. Likaja la kadi ya harusi ya miaka minane nyuma, ya wale waliotengana kabla hawajamaliza kufungua zawadi. Nne, kushoto.

“Kitu kikioza,” Rula alisema taratibu, “kinaoza ovyo. Huku kingi, huku kidogo. Hiki kimeoza kwa rula.”

“Labda ni printa mpya.”

“Andika barua sasa hivi, kwenye mashine hii hii, ukurasa mpya. Chapa.”

Mtaalamu aliandika jina lake katikati ya ukurasa, akachapa. Rula alipima. Jina lilikaa katikati kabisa kama bwana harusi.

Ilikuwa saa saba kasoro. Bosi alichungulia, akaiona kadi iliyokunjwa, akaona namba zilizokatika, akavuta pumzi puani. “Basi,” alisema. “Nilisema ikitoka ovyo yanaondoka. Yapangeni maboksi vizuri, chuo wasisumbuke.” Akarudi kwenye simu yake.

Rula alibaki amesimama, karatasi nne mkononi. Alihisi kama mtu aliyeonyeshwa mlango na bado hajafikishwa mwisho wa hadithi. Angeweza kuvumilia kuyapoteza mafaili. Watu hupoteza makubwa zaidi. Lakini kuyapoteza bila kujua kwa nini!

“Mnachapa nini tangu asubuhi? Mashine inalia kama inaumwa jino.” Alikuwa Fundi, ameingia bila hodi, maana aliona Bosi yuko chumba cha nyuma. Alikuja kuuliza habari za gari, lakini macho yake yalishafika kwenye karatasi za Rula kabla yake. “Hii si kadi ya harusi ya yule… Eh! Mpaka leo mnayo? Nilimshonea mimi gauni lile. Mungu amsamehe.”

“Mama, tazama hizi,” Rula alisema, akampangia mezani zile tatu za mafaili ya zamani. “Zote zimekwenda kushoto.”

Fundi aliinama, akafumba jicho moja kama anavyofanya akikagua pindo. “Zote?”

“Zote.”

“Kiasi kile kile?”

“Milimita nne. Wala si tatu na nusu.”

“Basi hapo hakuna ugonjwa, binti yangu. Hapo kuna mtu.”

Mtaalamu alikohoa. “Mama, haya ni mambo ya programu.”

“Sawa, baba, programu. Mimi nakuambia ya kitambaa.” Fundi alijisogezea kiti chenye boksi, akaketi juu ya boksi. “Nina mteja bega lake la kushoto limeshuka. Sitamtaja, mnamjua, anatembea hivi.” Akaonyesha, na wote wawili wakamjua. “Ile karatasi yangu ya kukatia nguo zake, nimeishusha bega. Nguo ikitoka, imemkaa, hakuna anayejua kitu. Sasa siku moja nikaishika karatasi hiyo hiyo bila kufikiri, nikamkatia bibi mmoja mwenye mabega sawa kama rafu. Alipolivaa gauni, kanisa zima walidhani amevunjika! Gauni halikuwa na kosa hata moja. Karatasi ilikuwa inamkumbuka mtu mwingine.”

Mtaalamu alicheka kwa adabu. Rula hakucheka. Rula aligeuka kuitazama mashine ya zamani.

Kulikuwa na kitu pale ofisini kikiitwa karatasi mama. Ulikuwa ukurasa mtupu ndani ya mashine za zamani, wenye mipaka na mistari yake, na kila kazi ilianza kwa kunakili ukurasa huo. Ukiutazama kwa makini ulikuwa umeegemea kidogo kushoto. Kila mfanyakazi mpya aliuliza, na kila mfanyakazi mpya aliambiwa: ndivyo ulivyo, usiuguse, ukiugusa vitu vinatoka vibaya. Rula mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaambia. Yeye, wa kuuliza kila kitu, hilo hakuwahi kuliuliza, na sasa alijua kwa nini hakuliuliza.

Miaka kumi na tisa nyuma, alikuwa na siku sita tu kazini. Printa ilikuwa imeletwa mpya, imeshushwa barazani, na Fundi, mwenye mikono ya nguvu, akajitolea kusaidia kuiingiza. Fundi mbele, akitembea kinyumenyume. Rula nyuma. Na chini ya ile printa kulikuwa na kijikaratasi cha maandishi madogo, na Rula alitaka kujua kimeandikwa nini. Hilo tu. Aliinamisha kichwa, akainua upande wake kidogo asome, vidole vikateleza, na printa ikatua sakafuni kwa pembe moja. Yeye akakimbilia ndani kutafuta fagio, ingawa hakuna kilichovunjika cha kufagia. Bosi alipofika, aliyemkuta amesimama juu ya printa ni Fundi.

Printa ilifanya kazi, ila sinia yake ya karatasi ilikuwa imepinda, na tangu siku hiyo kila kitu kilitoka kimesogea milimita nne kulia. Rula alibaki peke yake jioni moja, akaisogeza karatasi mama milimita nne kushoto, na maandishi yakatoka katikati. Akajiambia atasema kesho. Kisha aliliweka jambo hilo mahali ambapo hata yeye mwenyewe alikuwa hapiti.

“Umekuwaje?” Fundi aliuliza. “Umekuwa kama umeona deni.”

“Hamna, mama. Nimepata wazo.”

“Haya, mimi sufuria langu liko motoni.” Akaondoka, akilisukuma boksi moja la barazani kwa goti, kwa sauti ya makusudi.

Rula aliketi mbele ya mashine mpya. Mkono ulikwenda kulia, ukajikumbuka, ukarudi kushoto. Alifungua kadi ya kliniki, akashika kila kilichokuwa ndani yake kwa pamoja, akakisogeza milimita nne kulia. Akachapa. Akakunja. Mkunjo ulipita mahali peupe, namba za kilo zimekaa upande wao, nane ni nane.

Mtaalamu aliichukua kadi, akaikunjua, akaikunja tena. “Umefanyaje?”

“Nimesogeza.”

“Na tukiyasogeza hivyo hivyo mengine yote…”

“Yote yatakaa.”

Angeweza kuishia hapo. Alilifikiria jambo hilo kwa urefu wa kutembea hatua saba mpaka chumba cha nyuma: kadi imetoka, mafaili yamepona, Mtaalamu atasema ni mambo ya koo mbili za kompyuta, na printa yenyewe baada ya saa chache itakuwa chuoni, imefunguliwa vipande.

Bosi alivaa miwani, akaikunja kadi mara tatu. “Nzuri,” alisema. “Ilikuwa nini?”

“Ilikuwa imesogea, Bosi. Nimeirudisha.”

“Hilo naliona. Kwa nini ilisogea?”

“Mambo ya… kuhama.”

Bosi alivua miwani. “Rula. Miaka yote hii nakujua. Mtu akikuambia mambo ya kuhama, wewe ungemfuata mpaka chooni umuulize kuhama gani. Leo unaniambia mimi? Kama hujui sababu, sema hujui, na mafaili yanaondoka, maana kisichojulikana kitarudi tena siku kadi elfu tano zimeshafika kliniki. Kama unajua, keti useme.”

Rula aliketi. Akaangalia rula yake, ikawa haina la kumsaidia. Kisha akasema yote, kuanzia kile kijikaratasi cha chini ya printa.

Alipomaliza, cherehani ya jirani ilipiga mshono mmoja mrefu, ikanyamaza.

“Kilikuwa kimeandikwa nini?” Bosi aliuliza.

“Nini?”

“Hicho kijikaratasi.”

“Sikuwahi kukisoma. Niliogopa kuinama tena.”

Bosi alifunika uso kwa viganja viwili, na mabega yake yakaanza kutikisika. Rula alidhani analia, akainuka nusu. Bosi alikuwa anacheka, kicheko cha kuumiza mbavu, kisha kikamkatikia ghafla katikati.

“Kwa hiyo Fundi hakuiangusha.”

“Hakuiangusha.”

“Mimi nimemsema huyu mama kwenye harusi tatu, Rula. Kwenye msiba wa shangazi yake nilimsema. Nilimsema kwa shangazi yake, naye yumo ndani ya jeneza!”

“Najua, Bosi. Nilikuwepo.”

Bosi alichukua simu, akawaambia watu wa chuo gari lije kesho jioni, si leo, kuna vitu havijamaliza kuhama. Kisha akamwita Mtaalamu na kumwambia aanze na mafaili ya mwaka wa kwanza, asiruke hata moja. Kisha akasimama mlangoni, akaitazama baraza kana kwamba ilikuwa mto.

“Nenda kamwambie,” alisema.

“Mimi?”

“Nani tena? Mimi nitakuwa nyuma yako. Kutangulia siwezi, miguu haitaki.”

Walizunguka maboksi, mmoja nyuma ya mwingine. Fundi alikuwa ameinamia jiko dogo kwenye chumba chake cha ndani, akikoroga, na hakugeuka.

“Mama,” Rula alisema kutoka mlangoni, “ile printa. Siku ile. Niliachia mimi.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Mzigo tumeushika wawili, wewe ukaachia upande wako, mimi mkono wangu ulijua kabla ya sakafu.” Fundi alilamba mwiko, akaongeza chumvi kidogo. “Ulikuwa na siku sita kazini, na viatu vya kuazima, miguu inaelea humo. Nikasema, ngoja, nikimtaja atafukuzwa leo leo. Kesho atasema mwenyewe. Kumbe kesho yako ilikuwa ndefu!”

“Na hukunichukia?”

“Nilikuchukia kila Jumatatu. Siku nyingine nina kazi.”

Nyuma ya Rula, Bosi alisafisha koo. “Jirani. Mimi nilikusema sana.”

“Nilisikia. Nami nilikusema wewe, tena kwa watu wengi zaidi, mimi nina wateja wengi. Tuko sawa.”

Bosi aliutazama mfuniko wa sufuria. Rula ndiye aliyeanza, “Mama, naomba sana, kwa kweli miaka yote hii mimi…”

“Usianze!” Fundi aligeuka, mwiko juu. Sahani zilizokuwa mbili mezani alizifanya nne. “Mimi sigombezi mtu mwenye njaa, maneno hayamwingii. Mwiteni na yule daktari wa nyaya. Vueni viatu, ingieni mle, nitawagombeza mkishashiba.”